Mifuko ya Vipande Sita

Jumamosi, 11 Januari

Daftari hili nililinunua nipate pa kufichia barua. Barua imekaa ndani ya jalada la nyuma, na leo nimeona hatari yake: Mama akilikuta daftari halina neno hata moja atajua papo hapo kwamba lina kazi nyingine. Basi naandika.

Barua yenyewe ni fupi. Nimeteuliwa kusimamia maabara mpya ya kupima maji kule kwenye bwawa jipya, mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Nijibu kabla ya mwisho wa Februari, niripoti tarehe mosi Aprili. Nina miaka arobaini na moja, na kwa miaka kumi na saba nimepima maji ya mji huu chini ya mtu mwingine. Barua nimeisoma mara tisa. Sijamwambia mtu.

Pichi zimeingia sokoni. Mama ameziona kwa macho yake, ameshaleta ndimu na mifuko, na ameshaanza kunipa amri.

Jumapili, 12 Januari

Kazi ya pichi nyumbani kwetu ina utaratibu kama wa kanisani, na padri ni Mama. Maji yanachemka kwenye sufuria kubwa. Pichi zinatumbukizwa kwa muda wa kuhesabu thelathini, zinaopolewa, zinatiwa kwenye beseni la maji baridi, na ngozi inavuka yenyewe kama soksi. Kisha kisu, nusu kwa nusu, kokwa nje. Kisha ndimu, zisigeuke rangi. Kisha zinapangwa kwenye sinia zisigusane na kuingizwa kwenye friza mpaka zigande moja moja. Zikishakuwa ngumu ndipo zinapofungwa mifukoni, na Mama anainyonya hewa yote kwa mrija mpaka plastiki inashikana na tunda. Mwaka jana mpangaji wa jirani alichungulia akadhani Mama anavuta kitu.

Tangu Baba alipofariki tumebaki wawili, na mfuko mmoja ni vipande kumi na viwili: sita vyake, sita vyangu. Haijawahi kubadilika. Juu ya mfuko Mama hubandika karatasi ya gundi, na haandiki siku ya kugandisha kama watu wengine. Anaandika siku ya kula. "Siku ya kugandisha ni habari ya jana," husema. Kila mfuko una Jumapili yake, kuanzia Juni mpaka Desemba, wakati ambapo hata ulie machozi ya damu huwezi kupata pichi mji mzima.

Nilimwambia leo, kwa kumchokoza, kwamba ndizi zipo mwaka mzima na hazihitaji friza.

"Ndizi?" Akaniangalia kama nimetukana. "Tunda lisilojua kukosekana halina adabu."

Friza ipo koridoni kwa sababu jikoni haienei. Bawaba zake zimelegea, kwa hiyo juu ya kifuniko tunaweka pasi ya mkaa ya marehemu bibi, ndiyo inayoibana. Ukifungua friza unaanza kwa kuinua pasi, unamaliza kwa kuirudisha. Hilo nalijua tangu utotoni.

Jumanne, 14 Januari

Joto. Klorini imeshuka kwenye bomba la mtaa wa juu, nimerudia kipimo mara tatu. Majibu yaleyale.

Alhamisi, 16 Januari

Upepo na vumbi. Nimekuwa kiguu na njia ndani ya nyumba ya vyumba vitatu. Mama kaniuliza kama nina vidudu.

Jumamosi, 18 Januari

Nimepiga simu makao makuu kuulizia ile kazi. Si kwamba nimekubali, nauliza tu. Nilitoka uani, nikasimama karibu na kamba ya nguo. Mama alikuwa jikoni anapiga deki na redio imewashwa kwa sauti.

Afisa aliyepokea anaongea kama ana uji mdomoni, ikabidi nirudie kila kitu nipate uhakika. Nyumba ipo? Ipo. Chumba kimoja? Kimoja, na jiko. Likizo? "Wiki ya kwanza ya Agosti na wiki ya mwisho ya Desemba," nikarudia, "Agosti na Desemba, sawa." Ndugu wanaruhusiwa kuishi pale? Hawaruhusiwi, ni eneo la bwawa.

Basi, imekwisha. Hawaruhusiwi. Nilijisikia kama mtu aliyepona homa. Ningemwachaje Mama peke yake, miaka sabini na miwili, mama ambaye hajawahi kubadilisha mtungi wa gesi? Yeyote atanielewa.

Redio ilikuwa imezimika. Betri, nadhani.

Jumapili, 19 Januari

Awamu ya pili ya pichi. Mimi nilimenya, Mama alifunga. Nilipokwenda kupanga mifuko frizani nikaona ni mepesi. Nikahesabu mmoja: sita. Wa pili: sita. Nikadhani mifuko imekwisha kwa hiyo kagawa, lakini mifuko imejaa kabatini.

Nikaipanga vilevile, nikarudisha pasi.

Jumanne, 21 Januari

Mama ameomba nimwonyeshe mtungi wa gesi unavyobadilishwa. Nikamwonyesha.

Jumatano, 22 Januari

Ameomba tena. Jambo lilelile, maswali yaleyale. Nimemwonyesha tena, nikicheka.

Jumapili, 26 Januari

Leo ametufungia mifuko saba. Mitano ina vipande sita, miwili ina kumi na viwili. Nilihesabu mara mbili nikijifanya natafuta nyama. Mtu aliyefunga kumi na mbili miaka tisa mfululizo leo anafunga sita, anarudi kumi na mbili, anarudi sita. Na alikuwa anaimba.

Nimemwuliza kwa upole, "Mama, leo tumefunga vingapi vingapi?"

"Vinavyotosha," akasema.

Hilo si jibu la mtu mwenye hesabu zake. Mama huyu alikuwa mwunganishaji simu, alikaa kwenye ubao wa simu wa posta miaka ishirini na sita akiwa na namba mia nne kichwani. Hata leo ukimtajia duka la viatu lililofungwa zamani anakupa namba yake. Sasa vipande vya pichi vinamshinda.

Alhamisi, 30 Januari

Ameniuliza umeme unanunuliwaje kwa simu. Ameandika hatua zote kwenye karatasi na kuibandika ukutani, kwa maandishi makubwa. Watu wanaosahau ndivyo wanavyofanya, nimesoma mahali.

Jumapili, 2 Februari

Nimempigia Kaka. Sikupanga kumwaga mtama wote lakini ulimwagika: vipande sita, mtungi, karatasi ukutani. Kaka ni mtu wa kupokea habari mbaya haraka na kuzipangia mkakati kabla hujamaliza.

"Mlete kwangu," akasema. "Wifi yako yupo nyumbani siku nzima. Chumba cha nyuma hakina mtu."

"Mama hawezi kukaa chumba cha nyuma."

"Basi utakaa naye wewe?"

"Nakaa naye siku zote, Kaka."

"Sasa tatizo ni nini, mdogo wangu?"

Kuhusu barua sikumwambia. Nilikata simu nikiwa nimekasirika, na kilichonikasirisha sijui. Baadaye nikaona: alipouliza kama nitakaa naye mimi, sehemu fulani ya moyo wangu ilikaa vizuri, kama kifuniko kilichopata chupa yake. Sijaipenda sehemu hiyo.

Jumanne, 4 Februari

Joto lilelile. Mawingu yanakuja, yanatazama, yanaondoka.

Ijumaa, 7 Februari

Mkuu wa maabara ndiye aliyenipendekeza, nilikuwa najua. Leo kaja mezani kwangu, kavua miwani, kaifuta kwa koti.

"Umewajibu?"

"Bado, Mkuu. Mama yangu hayuko vizuri. Anasahau."

"Pole sana. Tangu lini?"

"Tangu Januari."

Akaacha kufuta miwani. "Barua ilikuja lini?"

"Januari."

Akavaa miwani yake. Juu ya meza yangu palikuwa na chupa mbili ambazo kijana wa zamu alizileta bila maandishi, akazielekezea kidole. "Hizo mwaga," akasema. "Sampuli isiyo na lebo ni maji tu." Ni msemo wake, tunausikia kila wiki. Nikazimwaga, na siku nzima sikuweza kukaa kwenye kiti.

Jumapili, 9 Februari

Pichi za mwisho nzuri, anasema muuza matunda. Huyu tunamwita Usibonyeze, maana ndilo neno lake la kwanza kabla ya salamu. Mama amefunga mifuko minne. Sita, sita, sita, sita. Friza imejaa.

Jumatano, 12 Februari

Nimeamua kuwajibu kwamba siwezi. Nimeandika rasimu, na sababu nimeiweka wazi: hali ya afya ya mzazi. Inasomeka vizuri. Sijaituma.

Jumamosi, 15 Februari

Mama amekwenda kwenye mkutano wa wastaafu, anarudi jioni. Nikaona ndiyo nafasi ya kumsaidia bila kumwaibisha. Nitafungua mifuko yote, nitaifunga upya kumi na mbili kumi na mbili kama zamani, nitaandika lebo kwa mwandiko unaofanana na wake. Hatajua. Mtu wa umri ule ukimwambia amekosea hesabu unamvunja.

Saa nne nikainua pasi, nikatoa mifuko yote, nikaifungua na kumimina vipande vyote kwenye beseni kubwa. Nilitaka kuhesabu jumla kwanza, kama tunavyofanya kazini. Karatasi za gundi zilikuwa zimelowa, nikazibandua na kuzitupa. Nilikuwa nimefika themanini na kitu Kaka akapiga.

Alikuwa ameshaongea na daktari anayemjua. Ameshapima kitanda. Ameshaamua rangi ya pazia. Nikabishana naye nikitembea, sebuleni, uani, barazani, kurudi sebuleni. Nilipokata simu nikaangalia saa: dakika hamsini. Na joto la leo linaweza kukaanga yai ukutani.

Vipande vilikuwa vimelala kwenye maji yao. Juu vimeanza kuwa na rangi ya chai. Nikafanya ambacho ningemfokea mwanafunzi yeyote wa mafunzo akikifanya: nikavirudisha vyote ndani harakaharaka, mifuko mikubwa, bila sinia, bila mrija, bila ndimu, nikavisukumia chini na kufunga kifuniko. Nikapiga deki koridoni. Mama aliporudi alikuta nyumba inang'aa, akasema, "Leo kuna mgeni?"

Jumapili, 16 Februari

Mama hajafungua friza.

Jumatatu, 17 Februari

Hajafungua. Kazini nimevunja chupa.

Jumanne, 18 Februari

Nimerudi saa kumi na moja nikaikuta pasi ya bibi iko sakafuni karibu na ukuta, palepale nilipoiweka Jumamosi. Siku tatu. Nimepita hapo mara mia na sikuiona. Kifuniko kimekaa kimeachama kidole kizima, na chini ya friza maji yametengeneza ziwa la rangi ya kahawia hadi mlangoni kwa Mama. Mama amekaa kwenye kigoda mbele yake, kanga imefungwa kiunoni, tambara mkononi.

"Kitinda."

Mimi ni kitindamimba wake, hilo ndilo jina langu nyumbani. "Abee, Mama."

"Njoo hapa."

Ile ilikuwa sauti yake ya ubaoni, ile aliyowaambia watu wakubwa wasubiri kwenye laini. Hakuna aliyewahi kumkatia simu kwa sauti ile.

"Nani kafungua mifuko yangu?"

"Mimi. Nilitaka kukusaidia, Mama."

"Kunisaidia nini?"

"Ulikuwa umekosea hesabu. Siku zote ni kumi na mbili. Ukaanza sita, halafu miwili ukaifunga kumi na mbili, halafu sita tena. Nikaona..."

"Maliza."

"Nikaona umeanza kuchanganya mambo."

Akalikamua tambara kwenye ndoo, polepole, mpaka tone la mwisho. "Ile miwili mikubwa. Nilikuwa nimeiandika nini?"

"Tarehe."

"Tarehe gani?"

Nilikuwa nimezibandua kwa vidole vyangu. Nilikuwa nimezishika. Nikajikaza kukumbuka na zikaja, maana mwandiko wake ni mkubwa: tarehe tatu Agosti, na tarehe ishirini na nane Desemba.

Wiki ya kwanza ya Agosti. Wiki ya mwisho ya Desemba.

Nadhani nilikaa chini kwenye maji, kwa sababu baadaye nguo ilikuwa imelowa.

"Ulisimama chini ya dirisha la jikoni," alisema Mama, "ukapaza sauti kama mnadi. Nilizima redio nikusikie vizuri. Nimestaafu mimi, sikio halijastaafu."

"Kwa nini hukuniambia kwamba unajua?"

"Habari ni yako. Nilingoja uilete. Tangu siku ile nimengoja. Nikasema, huyu anapanga maneno, mwache apange. Wakati huo na mimi nikaanza kujipanga."

"Mtungi wa gesi."

"Mtungi wa gesi. Umeme wa simu."

"Lakini mtungi uliniuliza mara mbili, Mama! Maswali yaleyale!"

"Unafundisha kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Ningeelewaje mara moja?"

Nikacheka, kosa kubwa, maana yeye hakucheka. Alisimama, akashika kiuno, na sauti ya ubaoni ikaondoka. Iliyobaki ni ya mama yangu.

"Kaka yako kanipigia leo. Nifungashe nguo, anakuja kunichukua, chumba kipo tayari. Eti nimeanza kusahau. Watu wa kwake wanajua. Daktari gani sijui anajua. Umenitangaza, Kitinda. Mimi nina akili zangu timamu na umenitangaza kwa watu."

"Nilikuwa na wasiwasi."

"Ulikuwa na barua."

Nikaanza kukusanya maji kwa viganja.

"Ulitaka niwe mgonjwa," akasema. "Ningekuwa mgonjwa ungebaki, na hakuna ambaye angekuuliza kitu. Wangekusifu. Mimi si kisingizio chako. Kama hutaki kwenda, usiende. Waandikie kwamba unaogopa, utie sahihi yako. Usiniandike mimi."

Rasimu yangu ilikuwa kwenye mkoba, mita moja kutoka alipokuwa amesimama. Hali ya afya ya mzazi.

"Naogopa," nikasema.

"Nini?"

"Kushindwa. Hapa nikikosea kuna Mkuu. Kule mkuu ni mimi. Maji ya watu wote wale, Mama."

"Ogopa basi. Hata mimi niliogopa." Akaitazama friza iliyoachama. "Unajua kufunga mfuko wa mtu mmoja kukoje? Wa kwanza nilifunga nikafungua, nikafunga nikafungua. Wa pili hivyohivyo. Kufika wa sita mikono ikawa imezoea. Nilikuwa najizoeza. Mfuko mmoja, Jumapili moja bila wewe. Mpaka Desemba nilikuwa nimeshafika, nimeshakaa kila Jumapili peke yangu na sikufa. Wewe umekuja umeyeyusha zote kwenye beseni."

Akaingia chumbani kwake. Hakubamiza mlango. Nimefuta koridoni peke yangu, kisha nikachukua ile rasimu, nikaichana na kuitia kwenye ndoo ya maji ya pichi.

Jumatano, 19 Februari

Asubuhi nimempigia Kaka kabla ya kazi. Nimemwambia nilimdanganya, na kwamba wa kwanza niliyemdanganya ni mimi mwenyewe. Akauliza, "Kwa hiyo Mama mzima?" Nikamwambia ni mzima kuliko sisi. Akasema wifi ameshanunua pazia.

Mama anapika jamu kwa yale matope. Haongei. Jamu, aliwahi kusema, ni tunda lililokata tamaa.

Alhamisi, 20 Februari

Jamu. Kimya.

Ijumaa, 21 Februari

Mvua imenyesha dakika kumi, ikaghairi. Mama amesema, "Sogea." Ni neno la kwanza tangu Jumanne. Nilisogea kwa furaha.

Jumamosi, 22 Februari

Soko zima halina pichi. Nimezunguka meza zote, nimeulizia hadi kwa wauza viazi. Usibonyeze alikuwa anafunga mapema, ameshakunja turubai.

"Zimekwisha, dada. Upepo wa wiki iliyopita umezimaliza. Zilizobaki nimewawekea nguruwe wa jirani."

"Nionyeshe hizo za nguruwe."

"Wewe? Unayenirudishia pichi kwa doa la ncha ya sindano?"

"Nionyeshe."

Akanivutia sanduku kutoka chini ya meza. Nikapiga magoti nikachambua moja moja. Zilizopasuka, zilizooza kokwani, zilizoliwa na nyigu. Nilibonya kila moja kwa kidole gumba na mara hii hakunikataza, alisimama tu pembeni amejishika kidevu. "Kuna mgonjwa nyumbani?" akauliza.

"Hakuna," nikasema. "Nyumbani kwetu wote wazima."

Nimepata kumi na tano.

Jumapili, 23 Februari

Nimeziweka mezani mbele ya Mama kabla hajamaliza chai. Kando yake nimeweka ile barua, ikiwa na mkunjo wa jalada la daftari. Aliisoma yote kwa kunong'ona, mpaka muhuri. Kisha akaikunja, akaniambia nichemshe maji.

Tumefanya kazi bila maneno mengi. Yeye alichovya na kuhesabu thelathini, mimi nilimenya. Nusu kwa nusu, kokwa nje, ndimu, sinia. Pichi kumi na tano, nusu thelathini, na hakuna hata moja niliyothubutu kuionja. Tulipozipanga frizani nikarudisha pasi mwenyewe, nikaijaribu kwa mkono, nikaijaribu tena.

"Imekaa," alisema Mama. "Iache."

Wakati zinaganda nimeandika jibu, mistari mitatu. Nimekubali uteuzi, nitaripoti tarehe mosi Aprili, wako mtiifu. Kalamu yangu iliishiwa wino kwenye neno la mwisho, nikatia sahihi kwa ile kalamu nene ya Mama ya kuandikia mifuko. Sahihi yangu imetoka kubwa kama tangazo la mnada. Sitaibadilisha.

Jioni sinia lilikuwa gumu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani siku nzima: thelathini, sita kwa sita, mifuko mitano. Jumapili tano za Mama. Si nyingi, lakini ni mwanzo, na nilitaka nizifunge mimi, kwa mkono wangu, ajue kwamba najua ninachofunga. Nikachukua mfuko wa kwanza, nikahesabu sita, nikaushika mrija.

Mama akauchukua mfuko mkononi mwangu, akaongeza. Saba, nane, tisa. Kumi na mbili. Akafikiri. Kumi na tano.

"Mbona kumi na tano, Mama?"

"Mwendo wa siku mbili. Utafika una njaa." Akanyonya hewa, akafunga, akanisukumia kalamu. "Andika. Tatu Agosti."

Nikaandika. Akajaza wa pili, kumi na tano tena, sinia likabaki na barafu tu.

"Andika ishirini na nane Desemba."

"Na yako? Juni? Julai? Jumapili zote hizo utakula nini?"

Alikuwa ameshabeba sinia kwenda kuliosha, amenipa mgongo.

"Nitakula ndizi," alisema.